Maji hayajai saa sita: namna ya kutengeneza filamu ya wapenzi wanaozamia kutoka Mtwara

Skripti za wapenzi wanaozamia Bondeni, yaani wanaokwenda Afrika Kusini kwa njia za siri, zina sini moja inayojirudia. Saa sita usiku, mwezi hakuna, boti inanguruma kwenye mikoko, kijana na binti wanarukia ndani wakiwa wameshikana mikono, boti inatokomea gizani. Kwa pwani ya Mtwara sini hiyo haiwezekani, na mvuvi yeyote wa Msimbati au Mikindani atakukatiza kabla hujaimaliza kuisimulia.

Usiku wa giza totoro ni usiku wa mwezi mwandamo, na mwezi ukiandama maji huwa ya bamvua, yaani hujaa na kupwa kupita kawaida. Kwenye pwani yetu bamvua hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa karibu na saa nne, asubuhi na usiku. Kwa hiyo saa sita usiku maji ndiyo kwanza yanaanza kurudi. Vijito vya mikoko bado ni tope, na boti ya faiba yenye mashine nyuma imelalia ubavu. Haitaelea mpaka saa nane na nusu au saa tisa. Na weupe wa alfajiri nao unaanza kuonekana saa kumi na moja na ushee. Mlanguzi anayetaka giza na maji kwa pamoja ana saa mbili tu za kufanyia kazi.

Filamu yako iko hapo, kwenye kusubiri maji. Wapenzi hawa tuwaite Somoe na Mfaume, miaka 22 na 24. Wamefikishwa mikokoni saa nne usiku kwa sababu kutembea kijijini saa nane na begi mgongoni kunaamsha mbwa na watu. Wana saa tano za kukaa kwenye tope, mbu na usubi wakiwala, simu zimezimwa, kukohoa marufuku. Nani anamfunika mwenzake kanga? Nani anabadilisha mawazo saa saba, na mwingine anamjibu nini kwa kunong'ona? Nani anafungua mfuko wa ming'oko ya kuchemsha aliyofungiwa na mama yake, akashindwa kula? Katika skripti ya kurasa 90, mimi ningeipa sini hii kurasa nane nzima, na boti ningeipa mbili. Waandishi wengi wanafanya kinyume chake kwa sababu boti inaonekana kuwa na vishindo zaidi, halafu wanashangaa mbona mapenzi ya wale wawili hayamgusi mtazamaji.

Hesabu ya pili ni ya petroli. Kutoka Msimbati hadi Pemba ya Msumbiji kwa bahari ni karibu kilomita 300. Mashine ya hosipawa 40 ikifunguliwa yote hula karibu lita 15 kwa saa, na boti iliyojaa watu ikienda kilomita 20 kwa saa imejitahidi. Hiyo ni safari ya saa 15 na lita 225. Ongeza akiba kidogo, unapata madumu 13 ya lita 20, yaani karibu kilo 200, uzito wa watu watatu. Sasa weka abiria 18. Kwa jua la baharini kila mmoja anahitaji walau lita tatu za maji, jumla lita 54, madumu matatu. Mwenye boti anapakia dumu moja la maji, maana kila dumu la ziada linakalia nafasi ya mtu anayelipa. Ukiandika hivyo huhitaji dhoruba wala papa. Dumu moja la maji kwa watu 18, kikombe kinapita, Mfaume anajifanya amekunywa.

Kuna jambo jingine ambalo filamu za boti hulisahau. Petroli huvuja kwenye madumu na wakati wa kujaza tangi. Inashuka sakafuni, inachanganyika na maji ya chumvi, na mchanganyiko huo unaunguza ngozi vibaya. Wanaoungua zaidi ni walioketi sakafuni katikati ya boti, na mara nyingi hao ni wanawake, kwa sababu wanawekwa katikati wakiambiwa ndiko salama. Mpambaji wako ajue kwamba majeraha yanakuwa mapajani, makalioni na nyuma ya magoti. Usoni hayapo. Jelatini na gliserini vinatosha kuyatengeneza, na nguo iliyogandia jeraha inaonyesha zaidi kuliko damu.

Kabla ya boti lakini, kuna tundu linalozamisha skripti nyingi zilizoandikwa na watu wa mbali: kwa nini wazamie? Mtanzania mwenye pasipoti haombi viza ya kuingia Msumbiji kwa matembezi, na Afrika Kusini anaruhusiwa hadi siku 90. Anaweza kupanda basi, akavuka Daraja la Umoja pale Mtambaswala, lililofunguliwa Mei 2010, na kugongewa muhuri kama mtu mwingine yeyote. Kosa lake litaanza siku ya 91 au siku atakayopata kibarua bila kibali. Hiyo ni filamu nyingine, nayo ni nzuri, lakini siyo ya mikoko.

Ili mikoko iwe kweli, lazima mmoja asiweze kupata pasipoti. Gharama yake ni shilingi 150,000, ambayo kijana anaweza kuikusanya. Panapouma ni kwenye karatasi: kitambulisho cha NIDA, cheti chako cha kuzaliwa, na cheti cha mzazi wako au kiapo. Mtwara ina familia nyingi zenye mguu mmoja ng'ambo ya Ruvuma. Wamakonde wako pande zote mbili za mto, na watu walivuka kwa makundi wakati wa vita vya ukombozi wa Msumbiji, 1964 hadi 1974, kisha tena wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyoisha 1992. Baba yake Somoe alivushwa mgongoni mwa mama yake mwaka 1968. Amezeekea hapa, ana mikorosho hapa, amezika wazazi hapa, ila karatasi hana. Kwa hiyo Mfaume anaweza kusafiri kihalali na Somoe hawezi. Mfaume ana fomu ya pasipoti imejazwa, iko chini ya godoro, na anachagua njia ya panya ili waende pamoja. Mtazamaji akiiona ile fomu mara mbili tu, mwanzoni na katikati, hutahitaji maneno ya "nakupenda" mahali popote.

Sababu ya kuondoka nayo iwe ya hapa. "Maisha magumu" haitoshi. Msimu wa korosho wa 2018/2019 unakupa sababu iliyokamilika: wakulima waligomea bei za mnada, Novemba 2018 serikali ikaamua kununua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo na kuwapa jeshi kazi ya kusomba, kisha ukafuata uhakiki wa kuwachuja waliopata korosho kwa kangomba, yaani kuzinunua kwa mkulima kwa bei ya chini nje ya mnada. Mfaume alikopa fedha akakusanya kwa kangomba kabla ya msimu, kwa watu waliokuwa na njaa mwezi wa saba. Ni kosa kisheria, na ni dhuluma kwa mkulima, filamu isimfiche. Uhakiki unamwacha na magunia ghalani, deni mlangoni, na wazazi wa Somoe wakijua alivyoyapata. Somoe anabangua korosho kwa kulipwa kwa kilo. Mafuta ya ganda yanababua vidole na kuvitia weusi usiotoka kwa siku nyingi, hata akijipaka majivu. Vidole hivyo piga picha ya karibu mapema, halafu virudie ng'ambo, akijaribu kuvificha anapoomba kazi ya kupika.

Ukichagua mwaka huo, huwezi kuikwepa Cabo Delgado, jimbo la Msumbiji linalopakana na Mtwara. Mashambulizi yalianza Mocímboa da Praia Oktoba 2017, na Palma ilivamiwa Machi 2021. Kijana wa Kitanzania asiye na karatasi katika eneo hilo hatazamwi kama mtafuta kazi. Anatazamwa kama mpiganaji. Hofu hiyo iingie kupitia mambo madogo: kizuizi barabarani, swali kwa Kireno ambalo Somoe halielewi, mtu anayemshauri Mfaume anyoe ndevu. Kutoka hapo hadi mpaka wa Afrika Kusini bado kuna zaidi ya kilomita 2,000 za lori, basi na kulala vituoni. Filamu ikizitumia zote itachoka, chagua vituo viwili.

Kimoja kati ya hivyo viwili huwa ni kontena au bodi la lori lililofungwa, na linastahili kuwemo. Juni 2012 miili ya Waethiopia zaidi ya 40 ilikutwa mkoani Dodoma baada ya kukosa hewa ndani ya lori. Machi 2020 huko Tete, Msumbiji, kontena lilifunguliwa likakutwa na maiti 64 na watu 14 walio hai. Kinachoua mle ni hewa kuisha na joto kupanda, na nguvu za watu hupungua kidogo kidogo. Kwa hiyo usiandike mayowe tangu mwanzo. Andika mazungumzo yanayopungua. Katika kurekodi, usimfungie mwigizaji ndani ya kontena la kweli hata kwa dakika tano. Jenga kuta tatu za plaiwudi, paka rangi ya kutu, upande wa nne ziba kwa kitambaa cheusi, na mwanga uingie kwenye tundu moja la msumari.

Na mlanguzi? Msimpe miwani myeusi. Anayevusha watu kusini mara nyingi ni mtu wa karibu: kaka wa rafiki, mwenye duka la fedha za simu, mtu anayeitwa "mjomba" na mtaa mzima. Malipo hugawanywa, sehemu mkononi na sehemu baada ya kufika, na zinazobaki hushikwa na mdhamini. Jambo la kulielewa vizuri ni pale kuvushwa kunapogeuka usafirishaji haramu wa binadamu, kosa lenye sheria yake tangu 2008. Kuvushwa unalipa, ukifika mmeachana. Lile lingine linaanza pale deni lako linapouzwa kwa mtu usiyemjua, pasipoti au simu inachukuliwa, na kazi uliyoahidiwa inabadilika. Kwa Somoe inaweza kutokea kwa sentensi moja ya upole: "Dada, wewe utabaki kwa mama hapa wiki mbili, mwenzio atangulie." Hiyo ndiyo sentensi ya kuogopesha kuliko bunduki, na iigizwe kwa upole uleule.

Sasa upigaji wenyewe. Pwani yetu inatazama mashariki. Jua linatoka baharini na kuzama nyuma ya mikorosho, kwa hiyo bango la boti ikielekea kwenye jua linalozama baharini ni uongo ambao watu wa Shangani watauona papo hapo. Ukililia jua kuzama majini nenda Kilambo, simama ukitazama kule Ruvuma inakotoka. Mto unatoka magharibi na jua linazama ndani yake. Ila usimwingize mwigizaji kwenye maji yale hata ya magoti. Ruvuma ina mamba na viboko. Piga picha pana za mto bila mtu majini, na sini za kuvuka kwa miguu zipige kwenye kijito kisicho na hatari, mkizibana fremu.

Ratiba ya bahari iandikwe na jedwali la maji mkononi kabla ya kupanga waigizaji. Maji huchelewa karibu dakika 50 kila siku. Sini ya pwani iliyoanza Jumatatu saa kumi jioni maji yakiwa yamejaa, ukiimalizia Alhamisi saa ileile utakuta yamebakiza zaidi ya saa mbili kujaa, mchanga umeachwa wazi, na mhariri hataweza kuziunganisha. Ama sogeza muda kila siku, ama subiri siku 14 au 15 maji yarudi kwenye saa yake. Wakati wa bamvua una maji mengi jioni yenye mwanga mzuri. Wakati wa maji mafu, yasiyojaa wala kupwa sana, saa hizo hizo unapata ufuko mpana na boti zilizokwama. Vyote vina kazi, mradi uchague mwenyewe. Juu ya hilo kuna upepo: miezi ya kusi, hasa Juni hadi Agosti, mchana bahari huchafuka, kwa hiyo maliza kazi ya boti kabla ya saa nne asubuhi. Kuanzia Desemba hadi Aprili ni mvua, na barabara za vumbi za kwenda mpakani zinakula siku zako.

Boti usiitoe bahari kuu. Ghuba ya Mikindani imejifunga na ni tulivu. Tafuta chini pa mchanga, kina cha kifua, boti iwe na nanga mbili, mbele na nyuma, na watu wanne majini wakiitikisa kwa mpigo wa wimbi, siyo ovyoovyo. Kamera iwe begani, usitumie stendi ndani ya boti: stendi inatikisika pamoja na boti na mtazamaji anaona upeo wa macho ukiyumba kama ubao, lakini bega linapunguza. Boti ya watu 20 pakia 12 na wafanyakazi wakiwemo. Tumia lenzi ndefu kutoka boti ya pili, wapange watu kwa kina, kumi wataonekana thelathini. Maboya membamba yavaliwe ndani ya makoti na kanga. Boti ya uokoaji isizidi mita 20, mashine ikiwa inawaka, na waogeleaji wawili wasio na kazi nyingine yoyote. Muulize kila mwigizaji kama anajua kuogelea, halafu mjaribu kwenye maji ya kiuno, kwa sababu wengi wakitaka nafasi watasema ndiyo. Watoto wasiingie botini. Usiku mtu aliyelowa kwenye upepo wa kusi anaanza kutetemeka haraka kuliko unavyodhani: dakika 40 majini, kisha kitenge kikavu na chai ya tangawizi kabla ya kurudi.

Sini ya mikoko usiipige usiku wa manane. Ipige magharibi. Jua likishazama, kati ya saa kumi na mbili na dakika chache mwezi wa sita na karibu saa kumi na mbili na dakika 40 mwezi wa kumi na mbili, una dakika kama 20 za mwanga wa buluu unaoweza kugeuzwa usiku wakati wa kurekebisha rangi. Fanya mazoezi mchana kutwa, rekodi mara mbili tu kila jioni, na kwa kurasa nane jipangie jioni sita. Sehemu za karibu unaweza kuzimalizia na taa ndogo ya LED iliyofunikwa kitambaa, ikitokea upande mmoja, kana kwamba ni mwanga wa mbali. Ukitumia taa za umeme wa kawaida, piga picha 25 kwa sekunde na shata 1/50, kwa sababu umeme wetu ni wa hezi 50 na vinginevyo taa za bei nafuu zinapepesa kwenye picha. Kamera iliyotoka kwenye gari lenye kiyoyozi iache ndani ya begi lililofungwa nusu saa kabla ya kuifungua, la sivyo lenzi inaingia ukungu na dakika zako 20 zimekwenda. Kila usiku futa vifaa kwa kitambaa chenye maji baridi kidogo, kisha kikavu. Chumvi haisubiri kesho.

Vibali anza navyo miezi miwili kabla. Skripti inakwenda Bodi ya Filamu kupata kibali cha kurekodi. Nakala ya kibali inakwenda kwa mkuu wa wilaya, kisha kwa mtendaji wa kijiji, na usimruke huyo wa mwisho, kwa kuwa wanakijiji wakiona taa mikokoni usiku watamwita yeye. Msimbati iko ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, kwa hiyo hifadhi nayo ina ruhusa yake. Droni inahitaji kusajiliwa na ruhusa ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na karibu na mpaka ninashauri uiache kabisa. Mitambo ya gesi, bandari, daraja na vituo vya mpakani visionekane kwenye fremu bila ruhusa ya maandishi. Sare za polisi na jeshi usishone zako. Askari anaweza kuwa tochi usoni na sauti, tena inatisha zaidi.

Utafiti wa skripti utakupeleka kwa watu waliorudi. Wasikilize bila kamera na bila kinasa sauti. Andika bila majina, na badilisha kijiji, mwaka na idadi ya ndugu. Njia walizopita usiziweke kwenye filamu kwa mpangilio wa kufuatika. Kijito unachokionyesha kisiwe kile walichokitaja. Na mwulize mama aliyebaki, maana kwenye skripti nyingi yeye hulia tu mlangoni, wakati kwa kweli ndiye anayelipa deni la mdhamini kidogo kidogo, akimwambia kila anayeuliza, "Mwanangu yuko Dar."

Lugha ifuate safari. Mikindani waseme Kiswahili cha kusini, wasiseme cha Kariakoo. Wakivuka, wasikie Kimwani pwani, ambacho Somoe atakidaka nusunusu kwa kuwa kiko karibu na Kiswahili, kisha Kimakonde kinachomfanya ajisikie nyumbani kwa dakika tatu, kisha Kireno kinachomfunga mdomo. Maandishi ya tafsiri chini ya Kireno usiyaweke. Mtazamaji asielewe kama yeye asivyoelewa.

La mwisho ni sauti ya mikoko, ambayo haipatikani studio. Maneno ya wapenzi mtayaingiza upya baadaye kwa maiki ya karibu, kwa sababu mnong'ono ufukweni unamezwa na upepo hata ukivalisha maiki manyoya. Lakini mikoko yenyewe irekodiwe usiku wa bamvua, kuanzia saa sita hadi saa tisa, kinasa kikiwa kimefungwa kwenye mti juu ya alama ya maji kujaa, watu wote wakiwa wameondoka. Saa ya kwanza utapata tope linalotoa mapovu na kaa wakitembea. Kisha mlio mwembamba wa maji yakiingia kwenye mizizi, mbali, halafu karibu. Weka ile ya mwanzo chini ya kurasa saba, na mlio wa maji uuanzishe kwenye ukurasa wa nane, kabla Mfaume hajasema, "Yanakuja."